Uzi: Mgonjwa wa kisukari afundishwe kuamua akiwa nyumbani, kutii peke yake hakutoshi

Mleta uzi

Wakuu, salaam. Mimi ni muuguzi, na kazi yangu ni kuwafundisha wagonjwa wa kisukari namna ya kujihudumia nyumbani. Uzi ni mrefu, tuvumiliane. Nauandika kwa ajili ya wagonjwa wenyewe, walezi wao na wahudumu wenzangu, kwa sababu kuna jambo linaniuma muda mrefu: tunampa mgonjwa mashine ya kupimia sukari, daftari na dawa, tunamwambia "punguza wanga, fanya mazoezi, tukutane tarehe fulani", basi. Kuamua hatujamfundisha.

Hesabu yake ni nyepesi. Mwaka una saa 8,760. Mtu anayekuja kliniki kila mwezi akakaa na mhudumu nusu saa nzima, na ni wachache wanaoipata, anakuwa amepata saa 6. Zilizobaki zote yuko peke yake na kisukari chake. Ni yeye anayejaza sahani, anayeamua atembee au apumzike, anayeshtuka usiku amelowa jasho na hajui kama ni joto au sukari imeshuka. Maamuzi ya namna hiyo hayasubiri tarehe ya kliniki.

Ndiyo maana somo langu la kwanza halianzi na kongosho, kiungo kinachotengeneza insulini. Linaanza na swali: "Ukipima sukari sasa hivi ukakuta 14.2, yaani iko juu, utafanya nini?" Wengi hujibu, "Nitaandika." Na ukikuta 3.4, yaani imeshuka? Kimya, au "nitalala kidogo." Hapo ndipo pa kufundishia. Namba isiyomwambia mtu afanye nini imemtoboa kidole bure.

Upimaji wa nyumbani wenyewe ulidaiwa na mgonjwa. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mhandisi mmoja Mmarekani, Richard Bernstein, aliyekuwa na kisukari aina ya kwanza (ile ambayo mwili umeacha kutengeneza insulini) tangu utotoni, aliona tangazo la mashine ya kupimia sukari. Ilikuwa nzito na iliuzwa kwa madaktari na hospitali tu. Mkewe alikuwa daktari, kwa hiyo ikanunuliwa kwa jina la mkewe. Bernstein akaanza kujipima mara kadhaa kwa siku, akawa anabadili chakula na insulini kwa kufuata anachokiona, na afya yake ikageuka. Alipowaeleza wataalamu wa wakati ule, wengi hawakutaka kumsikiliza mtu asiye daktari. Akaingia chuo cha udaktari akiwa na miaka zaidi ya 40. Mashine ilimfaa kwa sababu kila jibu alilifanyia kazi, na hilo ndilo ninalotaka kila mgonjwa wangu aondoke nalo.

Mwaka 1993 yalitoka matokeo ya DCCT, utafiti wa Marekani na Kanada uliowafuata watu 1,441 wenye aina ya kwanza. Kwa waliokuwa na macho salama mwanzoni, kuidhibiti sukari kwa karibu kulipunguza hatari ya macho kuharibika kwa asilimia 76. Figo na mishipa ya fahamu navyo vilinufaika. Lakini kundi hilo hilo lilipata matukio ya sukari kushuka vibaya takriban mara 3 ya wenzao. Wahudumu wengi tunapenda kusimulia nusu ya kwanza ya habari hii. Mgonjwa anastahili kusikia zote mbili, na kwa anayetumia insulini nusu ya pili ndiyo ya kuanza nayo, kwa kuwa sukari iliyopanda huharibu kwa miaka, ilhali iliyoshuka inaweza kuua usiku mmoja.

Kwa hiyo, sukari kushuka. Chini ya 3.9 mmol/L (70 kwa mashine za mg/dL) unachukua hatua, hata kama unajisikia vizuri. Dalili zake ni kutetemeka, jasho, moyo kwenda mbio, njaa ya ghafla, hasira isiyo na sababu, maneno kutoka hovyo. Chukua gramu 15 za sukari inayoingia haraka: vijiko 3 vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu kikombe cha juisi, au vidonge vya glukosi. Subiri dakika 15, pima tena. Kama bado iko chini, rudia. Ikishapanda, na mlo unaofuata uko mbali, kula kitu chenye wanga. Chokoleti haifai kwa dharura hii. Mafuta yake huchelewesha sukari kuingia kwenye damu. Mashine haipo karibu na dalili unazo? Tibu kwanza, utapima baadaye.

Na haya yafundishwe kwa watu wa nyumbani mgonjwa akiwa amekaa pale pale: akipoteza fahamu asipewe chochote mdomoni. Alazwe ubavu, achomwe glukagoni (homoni inayopandisha sukari) kama mnayo na mmefundishwa, na msaada wa dharura uitwe. Kummiminia mtu asiyejitambua maji ya sukari kunaweza kumpalia na kuingia mapafuni.

Jambo la mwisho kabla sijawapisha. Usimuulize mgonjwa "umeelewa?" Kila mtu hujibu ndiyo, kwa heshima tu. Mwambie hivi: "Ukifika nyumbani na mwenzako akikuuliza tulichozungumza, utamwambiaje?" Au mpe bomba la sindano, umwambie akuonyeshe. Atakapokwama, ujue maelezo yako ndiyo yaliyopungua, ueleze upya kwa njia nyingine, kisha aonyeshe tena. Karibuni.

Mlezi wa baba

Asante kwa uzi huu. Baba yangu ana zaidi ya miaka 70, yuko kwenye vidonge vya glibenklamidi, na ana shida ya figo kidogo. Daftari lake limejaa: kila asubuhi kabla ya kula, mwaka mzima. Namba za asubuhi ni nzuri kabisa, lakini HbA1c, kile kipimo cha damu cha wastani wa sukari, inakuja juu. Kliniki wanamwambia anakula vitu kwa siri, na yeye anaumia sana kuambiwa hivyo. Tunakosea wapi?

Mleta uzi

Dada, huenda kosa haliko kwenye chakula cha siri. Mmepima saa moja tu ya siku na kuiachia saa nyingine 23. HbA1c inakusanya wastani wa takriban miezi 3, kwa kuwa chembe nyekundu ya damu huishi siku zipatazo 120. Kama asubuhi ni nzuri na wastani uko juu, mahali pa kwanza pa kutafuta ni baada ya milo. Msimshuku mzee kabla ya kupima huko.

Fanyeni hivi kwa wiki moja: pimeni kwa jozi. Chagueni mlo mmoja, pimeni kabla ya kula na tena saa 2 baada ya kuanza kula. Siku inayofuata fanyeni mlo mwingine. Idadi ya vipimo haiongezeki sana, ila kila jozi inajibu swali: mlo huu ulifanya nini? Kwa watu wazima wengi wanaotumia dawa, lengo ni 4.4 hadi 7.2 kabla ya mlo na chini ya 10.0 baada yake. Kwa mzee mwenye magonjwa mengine malengo hulegezwa, na HbA1c ya chini ya asilimia 8 mara nyingi inakubalika kwake pale ambapo kijana angewekewa chini ya asilimia 7. Muulizeni daktari lengo la baba yenu ni lipi, liandikwe juu ya daftari.

Jambo jingine: HbA1c nayo hudanganya. Upungufu wa damu, kuongezewa damu, selimundu na maradhi ya figo vinaweza kuipandisha au kuishusha bila sukari yenyewe kuhusika. Figo zake umezitaja, kwa hiyo muulizeni daktari kama kipimo hicho kinaaminika kwake.

Sasa hiyo glibenklamidi. Hapa naomba msome polepole. Ni kidonge kinacholazimisha kongosho kutoa insulini hata mtu akiwa hajala, kinakaa mwilini muda mrefu, na figo zikichoka kinakaa zaidi. Miongozo mingi inashauri wazee wasipewe. Usibadilishe dawa mwenyewe, lakini wiki hii hii nenda umuulize daktari: "Kwa umri wake na figo zake, hiki ndicho kidonge salama kwake?" Ni haki yenu kuuliza. Mpaka mpate jibu, kidonge kimezwe pamoja na chakula. Asipoweza kula, asimeze kabla ya kuwasiliana na kliniki. Sukari ikimshuka kwa kidonge hicho, msitosheke na juisi peke yake. Inaweza kushuka tena baada ya saa kadhaa, kwa hiyo apelekwe hospitali aangaliwe.

Kwa mzee dalili za sukari kushuka hazijitangazi. Anaanguka, anasahau jina la mjukuu, anakuwa mkali jioni, na watu husema ni uzee. Pimeni. Kama anameza pia dawa za presha za kundi la propranolol au atenolol, kutetemeka na mapigo ya moyo vinaweza kufichwa. Jasho ndilo linalobaki.

Muuguzi wa zamu

Mkuu, nakuheshimu ila tuseme ukweli. Foleni ni ndefu, nina dakika 10 kwa mtu, na wengine hawajui kusoma. Ukimwambia mgonjwa wa hivyo ajibadilishie dozi, ataumia. Bora afuate alichoandikiwa.

Mleta uzi

Hoja yako ni nzito na naipokea, kwa sababu hofu yako ni ya kumlinda mgonjwa. Ila kuamua kuna ngazi zake. Kunywa maji ya sukari kwa 3.4 ni uamuzi. Kupima kabla ya kuendesha gari ni uamuzi. Kupiga simu leo badala ya kusubiri kliniki ni uamuzi. Hakuna kati ya hayo kinachohitaji mtu abadili dozi, na asiyejua kusoma anaweza kuyafanya yote ukimfundisha kwa rangi na picha: nyekundu chini, kijani katikati, njano juu. Dozi ni ngazi ya juu, na mtu hupandishwa huko hatua kwa hatua, mipaka ikiwa imeandikwa na daktari wake.

Na wanaofika huko hawaumii kama tunavyodhani. Huko Düsseldorf, Ujerumani, walibuni mafunzo ya siku 5 ya kuwafundisha watu wa aina ya kwanza kulinganisha insulini na wanga wanaokula. Uingereza wakayachukua kwa jina la DAFNE, wakayapima, na mwaka 2002 wakatangaza kwamba baada ya miezi 6 HbA1c ya waliofundishwa ilikuwa chini kwa takriban pointi 1 ya asilimia kuliko ya waliokuwa wakisubiri zamu yao, bila ongezeko la kushuka vibaya kwa sukari. Tena walikula kwa uhuru zaidi na maisha yao wakayaona bora.

Kuhusu dakika 10: usifundishe kila kitu, utakuwa hujafundisha chochote. Ziara ya kwanza ni kushuka kwa sukari kwa wale wa insulini na vidonge vya kundi la glibenklamidi, jinsi ya kutumia dawa yenyewe, na namba ya kupiga akizidiwa. Mengine yasubiri. Foleni nayo itumie: wakae watu 8 au 10 kwa duara wakiwa wanasubiri, mmoja mwenye uzoefu aonyeshe anavyopima, wengine wamsahihishe. Mgonjwa humsikiliza mgonjwa mwenzake kwa namna ambayo sisi wenye sare hatuipati.

Naomba pia jambo moja kwako na kwa wenzetu wote. Tusigombe. Mgonjwa akiletwa na 16 akafokewa mbele za watu, mwezi ujao atakuletea daftari lenye namba nzuri zote, zenye wino wa aina moja, zilizoandikwa asubuhi ile ile kwenye benchi. Umempoteza, na dawa utamwandikia kwa kufuata namba za uongo. Mshukuru kwa kuileta hiyo 16 kama ilivyo. Kisha muulize siku ile ilikuwaje.

Msomaji

Mashine yangu nayo inanichanganya. Napima kidole hiki 8.1, kingine 8.8, dakika ile ile. Imeharibika?

Mleta uzi

Haijaharibika, ndugu. Kiwango cha kimataifa, ISO 15197 cha 2013, kinataka asilimia 95 ya majibu yawe ndani ya asilimia 15 ya jibu la maabara sukari inapokuwa 5.6 au zaidi. Kwa hiyo 8.1 na 8.8 ni jibu moja, na uamuzi wako ni ule ule. Usirudie kupima ukitafuta namba inayokufurahisha, unamaliza vijiti vya kupimia.

Jibu likikushangaza kabisa, nawa mikono kwa maji na sabuni, kausha vizuri, halafu rudia. Aliyetoka kumenya tunda huwa na sukari kwenye ngozi ya kidole, na mashine huihesabu kama ya damu. Kidole chenye maji nacho huzimua tone. Toboa pembeni mwa ncha ya kidole, panauma kidogo kuliko katikati. Kopo la vijiti lifunikwe papo hapo, maana unyevu huviharibu, na tarehe ya mwisho iheshimiwe. Ukitumia mashine ya mtu mwingine hakikisha kipimo chake: mmol/L zidisha kwa 18 upate mg/dL. Mtu aliyezoea moja akisoma nyingine anaweza kujichoma insulini kwa hofu isiyo na msingi.

Mama wa mtoto wa insulini

Binti yangu ana miaka 11, aina ya kwanza. Sukari yake haitabiriki. Dozi ile ile, chakula kile kile, leo 6, kesho 17. Anachoma pajani sehemu moja kwa sababu anasema hapo hapaumi. Pia siku za michezo shuleni anashuka usiku wa manane. Nimechoka, na yeye amechoka.

Mleta uzi

Mama, pole sana, na uchovu wako usiuone kama udhaifu. Ugonjwa huu hauna likizo.

Neno lililonishtua ni "hapo hapaumi". Mkalishe, pakaza mafuta kidogo vidoleni, pitisha taratibu pale anapochoma ukibonyeza. Ukigusa uvimbe laini au mgumu kama mpira, umepata sehemu kubwa ya jibu. Insulini ikichomwa mahali pamoja kila siku hukuza mafuta chini ya ngozi, na mishipa ya hisia hapo hupungua, ndiyo maana hapaumi. Insulini ikiingia kwenye uvimbe huo hutoka kwa namna isiyotabirika: leo inachelewa, kesho inatoka yote. Aache kabisa kuchoma hapo kwa miezi, ahame: tumbo, mapaja yote mawili, matako, kila chomo umbali wa kidole kimoja kutoka lile la jana. Lakini tahadhari, kabla hajahama ongea na kliniki kuhusu dozi, kwa kuwa kwenye ngozi nzima dozi ile ile itafanya kazi kwa nguvu zaidi na inaweza kumshusha. Sindano ya milimita 4 inatosha kwa watoto na watu wazima pia, na iwe mpya kila mara. Kama anatumia kalamu, ahesabu hadi 10 kabla ya kuichomoa.

Insulini ya ukungu izungushwe taratibu viganjani mpaka iwe nyeupe sawasawa. Isitikiswe kwa nguvu. Chupa ambazo hazijafunguliwa zikae kwenye nyuzi 2 hadi 8, mbali na sehemu ya kugandisha, maana iliyoganda imeshakufa hata ikiyeyuka. Iliyofunguliwa, kwa aina nyingi, hudumu takriban siku 28 mahali pa baridi nje ya friji, isipigwe jua. Andikeni tarehe ya kufungua juu ya chupa. Na bomba lilingane na insulini: chupa ya U-100 (yuniti 100 kwa kila mililita) inataka bomba la U-100. Lile la U-40 humpa mtu dozi mara mbili na nusu.

Kuhusu michezo: misuli iliyofanya kazi huendelea kuvuta sukari kutoka kwenye damu kwa saa nyingi, hata kufika kesho yake, ndiyo maana anashuka usiku. Siku za michezo apimwe kabla ya kulala na tena usiku, ale kitu chenye wanga kabla ya kulala ikiwa iko chini, na muulizeni daktari kama insulini ya usiku wa siku hizo ipunguzwe, kwa kiasi gani. Iwe kanuni iliyoandikwa ukutani, usikae ukibahatisha saa 8 usiku. Na binti mwenyewe awepo mnapoipanga. Miaka 11 anaweza kuanza kuamua pamoja nawe, kidogo kidogo.

Msomaji mwingine

Mbona hamzungumzii kupona? Mimi nimeambiwa kuna watu wameacha dawa zote na wako sawa. Insulini ni biashara tu, ukianza huwezi kuacha.

Mleta uzi

Nitakujibu kwa uwazi, kwa sababu nimewaona wanaolipa gharama ya maneno hayo.

Kwa aina ya pili ni kweli kwamba wengine hufikia hatua ya sukari kukaa sawa bila dawa. Utafiti wa DiRECT wa Uingereza, uliotangazwa mwaka 2017, uliwapa watu wenye uzito mkubwa, ambao ugonjwa wao haujazidi miaka 6, mpango mkali wa kupunguza uzito chini ya uangalizi. Baada ya mwaka mmoja, karibu nusu yao walikuwa wameacha dawa na HbA1c yao iko chini ya asilimia 6.5. Ni habari njema na kila mgonjwa wa aina hiyo aambiwe. Lakini waliendelea kupimwa, kwa kuwa uzito ukirudi sukari nayo hurudi. Na vidonge hawakuvitupa wenyewe nyuma ya nyumba, vilisimamishwa na wahudumu wao chini ya uangalizi.

Kwa aina ya kwanza hakuna mjadala. Kongosho limeacha kutengeneza insulini, na mwili bila insulini haudumu. Kabla ya Januari 1922, alipochomwa insulini mtu wa kwanza, Leonard Thompson, kijana wa miaka 14 huko Toronto, mtoto aliyepatwa na ugonjwa huu alikufa, kwa kawaida ndani ya miezi au mwaka mmoja au miwili. Madaktari bora kabisa wa wakati ule walichoweza ni kumnyima chakula ili kifo kicheleweshwe kidogo. Anayemwambia mzazi wa mtoto wa aina ya kwanza aache insulini ajaribu kitu kingine anamrudisha mtoto huyo mwaka 1921. Naomba kwenye uzi huu tusilifanyie mzaha hilo.

Na kwa wa aina ya pili wanaoanzishiwa insulini: si adhabu, wala si dalili kwamba umeshindwa. Kongosho huchoka kadiri miaka inavyokwenda. Wengine huihitaji kwa muda tu, wakati wa upasuaji au maambukizi, kisha hurudi kwenye vidonge.

Mlezi wa baba

Nimerudi. Tumepima kwa jozi kama ulivyosema. Asubuhi 6.3, saa 2 baada ya kifungua kinywa 15.1. Mchana na usiku si mbaya. Na daktari amembadilishia kile kidonge. Sasa hicho kifungua kinywa tukifanyeje?

Mleta uzi

Hongera dada, hiyo namba 15.1 ina thamani kuliko daftari zima la asubuhi. Sasa mnajua mahali.

Angalieni sahani ya asubuhi. Kipimo rahisi cha mlo wowote ni nusu sahani mboga zisizo na wanga, robo protini, robo wanga. Kifungua kinywa cha watu wengi ni wanga mtupu na kinywaji chenye sukari juu yake. Badilisheni kitu kimoja tu kwanza: ondoeni sukari kwenye kinywaji, mpime jozi tena. Ikibaki juu, punguzeni wanga uwe robo, ongezeni protini, mpime. Mkibadili vitu vitatu kwa mpigo hamtajua kilichosaidia. Na kama miguu inamruhusu, atembee dakika 10 au 15 baada ya kula. Baba ashike kalamu, aandike mwenyewe alichokiona. Mzee anayeona kwa macho yake kwamba kinywaji kile kilimpandisha hahitaji kukatazwa na mtoto wake.

Umri wake na figo zake zinanifanya niongeze la miguu, kwa kifupi. Kila jioni itazamwe, nyayo kwa kioo au na wewe, katikati ya vidole pia. Ganzi humfanya mtu akanyage msumari asijue. Asitembee peku hata ndani, asiloweke miguu kwenye maji ya moto, na kidonda chochote, hata kidogo, kionwe na mhudumu siku hiyo hiyo au kesho yake.

Mama wa mtoto wa insulini

Uvimbe upo, mapaja yote mawili. Kliniki wamepunguza dozi na ameanza kuhamia tumboni. Swali moja la mwisho: akiugua na asiweze kula, si niache insulini? Jirani amenishauri hivyo.

Mleta uzi

Hapana mama. Ile insulini ya muda mrefu isiachwe hata siku moja, hata asipokula kabisa. Homa na maambukizi huongeza homoni zinazopandisha sukari na ini humwaga akiba yake, kwa hiyo sukari hupanda na tumbo likiwa tupu. Ya mlo ndiyo inayorekebishwa, kwa maelekezo ya kliniki.

Siku ya ugonjwa mpimeni kila saa 2 hadi 4, mchana na usiku. Pimeni ketoni (tindikali zinazojikusanya mwili unapokosa insulini) kwenye damu au mkojo kila sukari inapokaa juu ya 14, na pia akitapika hata kama sukari si kubwa. Anywe maji kidogo kidogo mfululizo. Sukari ikiwa chini apewe kinywaji chenye sukari, ikiwa juu apewe maji matupu. Watu wazima wanaosoma hapa na wanameza metformini au vidonge vinavyoishia na "-gliflozini", kama mnatapika au kuharisha sana wasilianeni na kliniki kuhusu kuvisimamisha kwa muda. Hivyo vya pili vinaweza kuleta ketoni nyingi hata sukari ikiwa haijapanda sana.

Akitapika asiweze kubakiza maji, tumbo likimuuma, akihema kwa kina na kwa haraka, pumzi ikinukia kama matunda yaliyoiva kupita kiasi, akawa mzito wa usingizi, au ketoni zikiwa za wastani kwenda juu, mpeleke hospitali usiku huo huo. Beba insulini yake, mashine na daftari, na mlangoni kabisa sema: "Ana kisukari aina ya kwanza, nahofia ketoni."